Dola 600, vijana thelathini na vitabu vilivyoondolewa shuleni

Swali: Ninaishi Texas. Mchana ni msaidizi wa darasa katika shule ya sekondari ya umma. Jumanne na Alhamisi jioni nakaa na vijana wa jumuiya yetu kwenye ukumbi wa kanisa, tunawasaidia kazi za shule. Ni kama thelathini, wa miaka 13 hadi 18, wengi wao watoto wa wakimbizi kutoka Kongo na Burundi, na nyumbani kwao hamna vitabu. Shuleni kwetu vimeondolewa vitabu kadhaa maktabani. Mimi na wenzangu tumechanga dola 600 tuvinunue hivyo hivyo, tuwagawie. Rafiki mmoja anasema nitafungwa. Mwingine anasema wazazi hawatanisamehe. Niendelee? Na nianze na vitabu gani?

Jibu: Dada yangu, tulimalize kwanza hilo la kufungwa, maana naona ndilo linalokukosesha usingizi.

Huendi jela kwa kumpa kijana riwaya ambayo duka la mtaa wa pili linaiuza mchana kweupe. Neno marufuku hapa Marekani ni jepesi kuliko tulivyolizoea. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki, tukisikia kitabu kimepigwa marufuku tunamwona askari. Kenya mwaka 1987 polisi walipita maduka ya vitabu wakikusanya nakala za Matigari ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Hapa ulipo, kitabu "kilichopigwa marufuku" kwa kawaida ni kile kilichotolewa kwenye rafu za shule au kufutwa katika orodha ya masomo, basi. Kukimiliki si kosa, kukiuza si kosa, na kumpa mtu zawadi si kosa. Kisha kuna kundi kubwa zaidi, vile vinavyolalamikiwa: mtu amejaza fomu akitaka kitabu kiondolewe, na kamati bado inajadili, au imekwisha kukataa. Watu huyachanganya makundi haya mawili, na ukienda kununua kwa kufuata orodha za mtandaoni utajikuta umenunua vitabu ambavyo shuleni kwenu bado viko rafuni, vinakula vumbi.

Kuna mipaka miwili ya kisheria ya kuangalia. Mmoja ni sheria za majimbo zinazokataza kuwapa watoto maandishi ya ngono yenye madhara kwao. Mahakama ya Juu ya Marekani iliziruhusu sheria za aina hiyo tangu kesi ya Ginsberg ya mwaka 1968, na Texas inayo. Kipimo chake hutazama kazi nzima, hakichomoi ukurasa mmoja. Riwaya ya Toni Morrison, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993, haigeuki uchafu kwa sababu ina sura moja inayoumiza kuisoma. Hata hivyo, katika orodha za vitabu vilivyoondolewa vimo vichache vyenye michoro ya wazi ya ngono. Hivyo mimi siviweki mbele ya mtoto wa miaka 13, kuwe na sheria au kusiwe. Ukitaka kumpa kijana wa miaka 17 kitabu cha namna hiyo, kisome wewe mwenyewe mpaka mwisho, kisha tafuta nusu saa ya wakili. Chama cha mawakili cha eneo lenu kinaweza kukuelekeza kwa anayetoa ushauri bila malipo. Usiniamini mimi kwa hilo. Mimi ni mkutubi.

Mpaka wa pili ni kazi yako, na huu ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Mwalimu mmoja wa Norman, Oklahoma, mwaka 2022 alibandika darasani msimbo wa QR unaowapeleka wanafunzi kwenye kadi ya bure ya maktaba ya umma ya Brooklyn. Hakugawa kitabu hata kimoja. Aliishia kuacha kazi, na mwaka 2024 jimbo likamnyang'anya leseni ya ualimu. Kwa hiyo wewe una kofia mbili, na usizivae pamoja. Mchana, ndani ya shule, kwa barua pepe ya shule, kwenye ubao wa shule, huna mradi wowote wa vitabu. Mtoto akikuuliza darasani, mwambie tutaongea Alhamisi. Mafurushi yasifike kwa anwani ya shule, na usichapishe tangazo kwa mashine ya ofisi. Jioni, kanisani, ukiwa raia kama raia mwingine, Katiba inakulinda vizuri. Mwombe pia mchungaji au kamati ya ukumbi ruhusa ya maandishi, hata mistari mitatu. Ukumbi ni wao, na siku moja watakuja kuulizwa.

Kuhusu kesi za mahakamani zinazosemwa kila siku, nitapita haraka, kwa kuwa kwako hazibadilishi mengi. Mwaka 1982, katika kesi ya Pico, majaji wanne wa Mahakama ya Juu waliandika kwamba bodi ya shule haiwezi kuondoa vitabu maktabani kwa sababu tu haipendi mawazo yaliyomo. Wanne si wengi kati ya tisa, na mpaka leo mahakama za chini zinavutana juu ya uzito wa maneno yale. Mei 2025 mahakama ya rufaa inayosimamia Texas, Louisiana na Mississippi ilitoa hukumu katika kesi ya Llano kwamba wasomaji hawawezi kuitumia haki ya kupokea habari kupinga vitabu kuondolewa katika maktaba ya umma, na Desemba mwaka huo Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza. Mwaka huo huo Texas ilipitisha sheria inayozipa bodi za shule kauli ya mwisho juu ya vitabu vya maktaba. Maana yake kwako ni ndogo lakini ya kweli: usitegemee kwamba vitarudi rafuni hivi karibuni.

Sasa nikupe jambo ambalo hukuuliza.

Mwaka wangu wa kwanza nikiwa mkutubi wa vijana, katika tawi dogo la maktaba lililozungukwa na nyumba za kupanga za bei nafuu, nilijiona mjanja. Ilifika Wiki ya Vitabu Vilivyopigwa Marufuku, ambayo Marekani wameiadhimisha tangu 1982, nikapanga meza katikati ya ukumbi. Nikaizungushia utepe wa njano kama ule wa polisi. Vitabu nikavifunga kwa karatasi ya kaki na juu yake nikaandika kwa kalamu nyekundu nene: MARUFUKU. Niliwahi kuona maktaba ya mtaa wa matajiri ikifanya hivyo na watoto wakigombania. Kwangu, siku tatu zilipita hakuna aliyegusa. Siku ya nne mvulana wa miaka kumi na tano, mzaliwa wa Bukavu, alinisogelea karibu kabisa, akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili: "Mjomba, mtu akishikwa na hiki, kesi ya makaratasi ya mama yake inaharibika?"

Niliuvua utepe jioni ile ile.

Kwa mtoto aliyezaliwa katika usalama, neno hilo ni pipi. Linamwambia kuna kitu kitamu ambacho wakubwa wamekificha. Kwa vijana wako neno hilo lina sare na bunduki, lina afisa anayepekua begi kizuizini, lina barua za kiingereza zinazofika nyumbani ambazo wao ndio wanaowasomea wazazi. Wamefundishwa tangu wadogo kwamba ukiwa mgeni hugusi kilichokatazwa. Kwa hiyo usiandike neno hilo kwenye sanduku, kwenye meza wala kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi. Ukiulizwa, sema ukweli wote: hiki shule yenu wamekitoa, sababu waliyotoa ni hii, kukisoma si kosa, na hakuna anayeandika jina lako popote. Hilo la mwisho lizingatie kwelikweli. Usiwe na daftari la nani kachukua nini. Sisi wakutubi tuna mazoea ya kufuta kumbukumbu za mkopo kitabu kikirudi, na kwa vijana hawa sababu za kufanya hivyo ni nyingi zaidi.

Wala usiwape furushi la vilivyoondolewa peke yake. Shuleni wametoa orodha yao, na wewe ukija na orodha ile ile iliyogeuzwa, bado ni mtu mzima mwingine anayeamua kijana asome nini. Fikiria tatizo lao ni lipi hasa. Watafiti Susan Neuman na Donna Celano walichapisha mwaka 2001 utafiti wao wa mitaa ya Philadelphia: katika mtaa wa watu wenye uwezo wa kati kulikuwa na vitabu 13 vya kuuzwa kwa kila mtoto mmoja, katika mtaa wa maskini, kitabu kimoja kwa watoto 300. Baadaye, katika utafiti uliotoka mwaka 2016, Neuman na mwenzake walikuta eneo la Washington ambako watoto 830 wangelazimika kugawana kitabu kimoja. Huko, rafu ya shule ndiyo duka, ndiyo maktaba, ndiyo kabati la nyumbani. Mtoto wa wakili akinyimwa riwaya shuleni, mama yake anabonyeza simu na keshokutwa kitabu kiko mlangoni. Wako akinyimwa, ndiyo mwisho wa safari. Hiyo ndiyo sababu ya kufanya unachotaka kufanya. Lakini ndiyo sababu pia anahitaji vitabu vya kila namna, vikiwemo vya kipuuzi.

Kosa langu la pili lilikuwa la upendo, na haya ndiyo magumu kuyaona. Nilikuwa nikimwona mtoto mkimbizi, namtafutia kitabu cha mkimbizi. Msichana mmoja aliyezaliwa kambini Nyarugusu alikipokea cha kwanza kwa heshima, mikono miwili, akakirudisha baada ya siku mbili. Nikampa kingine, cha mto na mashua na kaka aliyepotea. Akacheka. "Mjomba, kambi naijua. Nipe cha vampaya." Nikampa vya vampaya, vyote vinne, akavimaliza ndani ya mwezi mmoja. Miezi kadhaa baadaye alichukua mwenyewe The Hate U Give ya Angie Thomas kwa sababu alipenda yule binti wa jaladani aliyeshika bango. Hakujua kwamba wilaya ya shule ya Katy, hapo karibu na Houston, ilikiondoa mwaka 2017. Nilipomwambia akauliza kwa nini. Nikamwambia wazazi walilalamikia matusi. Akafikiri kidogo, akasema kwao gorofa ya pili kuna matusi zaidi kila Ijumaa, tena bila hadithi.

Kwa hiyo kwenye dola 600 zako, kama theluthi iende kwa vitabu vilivyoondolewa. Zilizobaki wape wao kauli. Pitisha karatasi, kila mmoja aandike anachotaka: mpira, mitindo ya nywele, manga (katuni za Kijapani), kompyuta, Biblia ya kiingereza chepesi, kitabu cha mtihani wa leseni ya udereva. Nimewahi kupata ombi la kitabu cha kufuga njiwa. Nunua. Kijana aliyekuja kuchukua njiwa ndiye anayebaki mezani akifunua cha jirani yake.

Kama ungependa mfano wa watu waliowasikiliza vijana kwanza, uko wa Meridian, Idaho, mwaka 2014. Bodi ya shule iliondoa kwenye masomo riwaya ya Sherman Alexie kuhusu kijana wa Kihindi Mwekundu anayehama shule ya hifadhini kwenda shule ya wazungu. Wanafunzi 350 walitia saini kupinga. Wanawake wawili wa jimbo la jirani la Washington wakachangisha fedha za nakala 350, moja kwa kila saini, na duka la vitabu la Boise likasaidia kuzigawa bustanini siku ya tukio la kugawa vitabu, Aprili 23. Mtu akapiga simu polisi kwamba vijana wanapewa kitabu bila ridhaa ya wazazi. Polisi wakaja, wakatazama, hawakuona kosa, wakaondoka. Habari ilipoenea mchapishaji akapeleka nakala 350 nyingine. Ninachokipenda pale ni kwamba watoto ndio waliosema kwanza: hiki tunakitaka. Hakuna aliyewaamulia.

Wa Tucson, Arizona, ni mchungu zaidi. Januari 2012, baada ya programu ya masomo ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko kusimamishwa kwa sababu ya sheria ya jimbo, vitabu saba vilikusanywa madarasani na kupelekwa stoo. Walioguswa zaidi walikuwa wanafunzi wa jumuiya ile ile iliyoandikwa humo. Machi mwaka huo, mwandishi wa Houston, Tony Diaz, na wenzake walipakia vitabu kwenye basi, wakajiita Librotraficante, yaani walanguzi wa vitabu, wakapita miji kadhaa mpaka Tucson, njiani wakianzisha maktaba ndogo katika vituo vya jamii. Jina ni la mzaha mkali, na nadhani lilifaa kwa mahali pale na watu wale. Mwaka 2017 jaji wa shirikisho aliona kwamba programu ile ilifutwa kwa chuki ya rangi. Miaka mitano na zaidi, dada. Mwanafunzi aliyekuwa darasani siku masanduku yanafungwa alikuwa tayari ana watoto, pengine.

Tuje kwa wazazi. Rafiki yako ana hofu ya haki, ila anawaogopa kwa sababu isiyo sahihi. Chama cha Maktaba cha Marekani kilihesabu majaribio 821 ya kuzuia vitabu mwaka 2024, yakigusa vitabu 2,452 tofauti. Asilimia 72 ya majaribio hayo yalitoka kwa makundi ya shinikizo, viongozi na wajumbe wa bodi. Wazazi walikuwa asilimia 16. Na hao wazazi, mimi katika miaka yangu yote sijamwona mama wa Kikongo akijaza fomu ya malalamiko. Fomu yenyewe ni ya kiingereza, ukurasa wa tatu unauliza mwandishi alikusudia nini. Mama zenu wakichukizwa hawataenda kwa bodi. Wataacha tu kuwaleta watoto, na hutajua kwa nini.

Kwa hiyo nenda wewe kabla ya vitabu. Nenda nyumbani, kaa, kunywa chai, msikilize habari za zamu ya usiku kiwandani, kisha toa vitabu vitatu au vinne na uvisimulie. Kwa Kiswahili, tangu mwanzo hadi mwisho, na sehemu mbaya usiziruke. Usimtumie karatasi ya kusaini. Ameshasaini karatasi za kutosha nchi hii bila kuzielewa.

Mama mmoja alinifuata baada ya ibada, kitabu mkononi, kidole kimebana ukurasa. Kilikuwa Maus ya Art Spiegelman, hadithi ya picha ya baba yake aliyenusurika kambi za Wanazi, iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka 1992, na ambayo bodi ya kaunti ya McMinn, Tennessee, iliiondoa Januari 2022 kwa kura kumi kwa sifuri, wakitaja matusi na mchoro wa mwanamke uchi. Mama hakujua habari za Tennessee. Yeye mwenyewe alifungua ukurasa ule ule. "Mwanangu kanisani unampa wanawake uchi?" Nikamwomba tukae ngazini. Nikamwonyesha kwamba kitabu kizima Wayahudi wamechorwa kama panya, isipokuwa kurasa hizi chache ambazo watu wamechorwa kama watu. Nikamwambia huyu ndani ya bafu ni mama wa mwandishi. Alitoka kambini akiwa hai, akavuka bahari, akafika Amerika, na miaka mingi baadaye, mwaka 1968, akajiua, na mwanawe ndiye anayechora. Mama akatazama picha muda mrefu. Akauliza, "Hakuacha barua?" Nikasema hakuacha. Akauliza na mume alifanya nini. Nikamwambia, jua lilikuwa kali na tulikaa pale mpaka mapadri wamefunga geti. Kitabu aliondoka nacho. Mwanawe alinilalamikia wiki mbili baadaye kwamba hajakimaliza kwa sababu mama anataka atafsiriwe kila jioni.

Si wote wanamalizia hivyo. Baba mmoja alisikiliza kwa adabu, akasema hapana, kitabu cha vijana wanaopendana wa jinsia moja hakiingii nyumbani kwake. Nikakipokea. Kanuni yangu ni kwamba hapana ya mzazi inahusu mtoto wake tu, haiwahusu wa jirani. Sikumpa mwanawe kwa siri. Najua wenzangu wengi watanipinga hapa, na wana hoja: yuko kijana ambaye kitabu hicho ndicho peke yake kinachomwambia hayuko peke yake duniani. Lakini kijana huyo, kitabu kikigundulika chini ya godoro, ni yeye atakayelala nje, si mimi. Ninachofanya ni kukiacha mezani, wazi, pamoja na vingine, na kukaa muda mrefu ukumbini. Kukisoma palepale kwenye kiti, na kukirudisha kabla ya saa mbili, hilo sikulizuia na sikuulizwa.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu uzito wa vitabu hivi, na naomba ulisome mara mbili. Vingi huondolewa kwa sababu vinazungumzia mambo yanayowapata watoto: kubakwa, kupigwa, kutaka kufa. Speak ya Laurie Halse Anderson, ya mwaka 1999, ni habari ya msichana anayeingia sekondari akiwa karibu hasemi, na ukiendelea ndipo unaelewa alifanyiwa nini kwenye sherehe. Ukimpa msichana kitabu hicho, kuna siku atakuja amekishika akwambie, "Hata mimi." Jiandae kabla. Texas kila mtu mzima, si mwalimu tu, analazimika kisheria kuripoti anaposhuku mtoto anadhulumiwa. Kwa hiyo usimwahidi kamwe kwamba utamtunzia siri. Mwambie mapema, kabla hajaanza: kuna mambo ukiniambia itanibidi niwaambie watu wa kukusaidia, na nitakuwa nawe wakati huo. Namba 988, ya watu wenye mawazo ya kujiua, inapokea simu na ujumbe saa zote. Iandike ndani ya jalada la kila kitabu, si vile vya huzuni tu, ili asionekane aliyefungua chenye namba.

Ununuzi. Chukua vyenye jalada laini. Ni vyepesi, vinaingia kwenye begi la shule bila kuvutia macho, na vipya vingi ni kati ya dola 10 na 15. Usinunue vyote vipya. Mauzo ya vitabu vikuukuu ya maktaba za umma yatakupa riwaya kwa dola moja au mbili. Jiandikishe First Book, shirika lililoanzishwa mwaka 1992 linalouza vitabu kwa bei ya chini sana kwa programu zinazohudumia watoto ambao angalau asilimia 70 wanatoka familia za kipato cha chini. Ninyi mnatimiza sharti bila shaka, ila andikisha programu ya kanisa, sio shule, kwa sababu ile niliyokwisha kusema. Nakala mbili za kila kitabu ni bora kuliko moja, kwani vijana husoma wawili wawili. Na kwa waliofika juzi, ambao kiingereza bado kinawapiga chenga, vitabu vya picha si vya watoto wadogo. Ndivyo vitakavyowafikisha mwisho wa hadithi kwa mara ya kwanza.

Ile kadi ya Brooklyn ipo pia, jioni ukiwa na kofia yako ya kanisani. Tangu Aprili 2022 maktaba hiyo inampa kijana yeyote wa miaka 13 hadi 21, popote Marekani, kadi ya kusoma vitabu vya kielektroniki bila kulipa. Vijana wangu waliitumia kidogo kuliko nilivyotarajia. Simu moja ni ya watu watatu, bando linaisha tarehe 20, na kioo kimepasuka hapo hapo katikati ya ukurasa. Waonyeshe, lakini usiifanye kisingizio cha kupunguza vya karatasi.

Usidai virudishwe. Weka sanduku karibu na mlango kwa anayetaka kurudisha, na funga macho. Mimi nilipoteza karibu nusu mwaka wa kwanza, nikaumia. Kimoja kilirudi baada ya miaka miwili, hakina jalada, ndani yake kumeandikwa majina matano kwa mwandiko tofauti, na matatu kati yao sikuwahi kuyaona maktabani.

Andika orodha yako, uniletee kabla hujalipa. Vile nilivyovisoma nitakwambia umri unaofaa na ukurasa ambao wazazi watafungulia. Nisivyovisoma nitakwambia sijavisoma, na hivyo itakubidi uvisome wewe.